Joto la Maji Kwenye Tangi la Samaki: Usiku wa Nakuru, Mchana wa Kisumu

Maagizo yanayokuja kwenye boksi la hita ya akwaria huwa mafupi: wati moja kwa kila lita ya maji, zungusha kitufe hadi nyuzi 25, basi. Yaliandikiwa nyumba zinazopashwa joto kwa mitambo, ambako sebule haijui kama nje ni adhuhuri au usiku wa manane. Nyumba zetu hazijengwi hivyo. Sebule ya Nakuru hufuata hali ya nje, ikichelewa saa chache tu. Ya Kisumu, kama juu ni mabati matupu bila dari, huweza kuwa moto kuliko kivuli cha mwembe ulio uani. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua tangi moja, hita moja na samaki wa aina moja, kisha wa Nakuru alalamike kwamba samaki wamelala chini kila asubuhi, na wa Kisumu aseme wake wanatweta juu ya maji kila saa tisa alasiri.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti, usiku wa nje hushuka hadi nyuzi 10, nyakati nyingine chini yake, na mchana jua likitoka linafika 24 au 25. Kisumu iko mita 1,130 na kidogo, na mchana wake ni nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima, huku Januari hadi Machi ikizidi hapo. Kakamega iko katikati. Eldoret, Kitale na Kericho zinakaa upande wa Nakuru, na Molo ni baridi kuliko zote hizo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hita ya wati ngapi, uliza maji yako yanapanda na kushuka nyuzi ngapi kati ya alfajiri na alasiri. Samaki wengi wa nyumbani wanavumilia 23 na wanavumilia 27. Kinachowamaliza ni kuvukishwa kutoka moja hadi nyingine kila siku, tena kwa haraka.

Pima kwanza, nunua baadaye

Jaza tangi, washa filta, usiweke samaki wala hita. Kwa siku saba andika joto la maji mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapasha ukuta, saa tisa alasiri, na saa nne usiku. Ukipata tofauti ya nyuzi 2 au chini kati ya kipimo cha chini na cha juu, tangi lako limetulia na huenda usihitaji kifaa chochote, mradi namba zenyewe zinafaa samaki unaowataka. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 inataka marekebisho. Ikifika 5 na zaidi, usilete samaki mpaka umelihamisha tangi au umelifunika.

Vipimajoto vya kubandika nje ya kioo, vile vya ukanda unaobadilisha rangi, vinasoma kioo na hewa ya chumba pamoja na maji. Asubuhi ya baridi vitakuambia maji ni baridi kuliko yalivyo. Tumia cha glasi kinachozama au cha dijitali chenye waya wa kutumbukiza. Hata hicho usikiamini hivi hivi. Kikague kwa njia mbili. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu hadi yafunike barafu, koroga, subiri dakika tatu: kinapaswa kusoma 0. Kisha changanya maji ya moto na baridi kwenye bakuli hadi yawe vuguvugu, na utumbukize ncha ya kipimajoto cha homa cha dijitali kando ya kile cha samaki. Cha homa ni sahihi sana kati ya 35 na 40. Kama cha samaki kinasema 39 na cha homa kinasema 37.5, andika kwenye kibandiko "toa 1.5" na ukibandike pale pale kwenye tangi. Vipimajoto vya bei nafuu vinavyokosea kwa nyuzi 2 si ajabu.

Joto linagusa mambo matatu kwa pamoja

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake uko kwenye joto la maji, na kasi ya mwili huo, yaani kupumua, kusaga chakula na kupigana na magonjwa, hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Maji yakipata joto, samaki anataka oksijeni zaidi. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, ya 25 yanashika 8.3, na ya 30 yanashika 7.6.

Lakini sisi hatuko usawa wa bahari. Hewa ya Nakuru ina mgandamizo wa takribani asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na Kisumu asilimia 87. Oksijeni inayoingia majini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Ukipiga hesabu utaona jambo ambalo vitabu vya ng'ambo haviligusi: maji ya nyuzi 25 Nakuru na maji ya nyuzi 30 Kisumu yanashika oksijeni sawasawa, kama miligramu 6.5 kwa lita. Anayeishi Nakuru na kupandisha hita hadi 29 kwa sababu amesoma mahali kwamba samaki aina ya diskasi wanapenda hivyo, ajue anapunguza pumzi ambayo tayari ni haba. Pampu ya hewa Nakuru si pambo.

Jambo la pili ni amonia. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ipo kwa sura mbili: moja yenye sumu kali, nyingine isiyodhuru sana. Kadiri maji yanavyopata joto na kadiri pH (kipimo cha uasidi wa maji) inavyopanda, ndivyo sehemu yenye sumu inavyokua. Kwa maji ya pH 8, sehemu hiyo ni asilimia 3.8 maji yakiwa nyuzi 20, inakuwa 5.4 yakifika 25, na 7.5 yakifika 30. Ina maana kwamba tangi lililojaa samaki kupita kiasi linaweza kuvumilika asubuhi na kuua alasiri, bila mtu kuongeza kitu. Baridi nayo ina lake: bakteria wa kwenye filta wanaokula amonia hufanya kazi polepole maji yakishuka chini ya 20. Ndiyo sababu ya kupunguza chakula msimu wa Julai kama huna hita. Samaki aliyepoa hasagi, na chakula kinachozama kinaoza huku filta ikisinzia.

La tatu ni madoa meupe, yule mdudu anayeonekana kama chembe za chumvi kwenye mapezi. Mara nyingi hujitokeza siku chache baada ya maji kupoa ghafla, kinga ya samaki ikiwa imeshuka. Kwenye nyuzi 25 mdudu huyo anamaliza mzunguko wake wa maisha kwa siku chache tu. Kwenye 15 anaweza kuchukua siku kumi au zaidi. Dawa inamfikia akiwa ameachana na samaki na anaogelea huru, basi anayetibu kwenye maji baridi bila kuongeza joto atamaliza chupa ya dawa na mdudu bado yumo. Wakati wa tiba pandisha hadi 28 au 29, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, na uongeze hewa. Goldfishi usiwapandishe hivyo. Kwao tumia dawa kwenye joto la kawaida na urefushe siku za tiba.

Samaki yupi anakufaa

Goldfishi ni wa maji ya baridi. Nyuzi 18 hadi 22 ndizo zao, na Nakuru, Eldoret au Kericho wanaishi bila hita kabisa. Kisumu ndiko wanakoteseka, ingawa ndio wanaouzwa sana kwa sababu ya rangi. Gapi na plati ni wavumilivu: 20 hadi 27 bila malalamiko. Neoni tetra wanapenda 21 hadi 25. Beta anataka 25 hadi 28, na kile kibakuli cha lita 3 anachouziwa nacho ndicho chombo kibaya kuliko vyote kwa mji wenye usiku baridi. Enjelifishi na moli wakae 24 hadi 28. Siklidi wa Ziwa Malawi, 24 hadi 27. Diskasi wanataka 28 hadi 30, na kwa mwinuko wetu waachie wenye mifuko mirefu na jenereta.

Fulu, wale siklidi wadogo wa Ziwa Victoria, wanafaa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Maji ya juu ya ziwa hukaa karibu na 24 hadi 27 mwaka mzima, na tangi lililowekwa vizuri Kisumu linafika hapo bila kifaa. Ila madume wanapigana. Wape nafasi na mawe ya kujifichia.

Wako pia wasiofuata kanuni yoyote. Tilapia mdogo wa Ziwa Magadi anaishi kwenye chemchemi zenye joto la nyuzi 40 na ushei, na ndiye aliyeletwa Ziwa Nakuru miaka ya 1950 ili ale viluwiluwi vya mbu. Si samaki wa sebuleni, lakini akikumbukwa itaeleweka kwa nini hakuna namba moja ya "joto sahihi la samaki".

Nakuru na nyanda za juu: hita

Maji ni mazito kuyapasha, na hilo ni jema. Hita ya wati 100 ikizamishwa kwenye lita 100 inachukua dakika 70 kupandisha nyuzi moja, hata kama hakuna joto linalopotea. Kwa upande wa pili, tangi hilo hilo la lita 100 lenye mfuniko linapoteza, kwa makadirio, wati 7 kwa kila nyuzi ambayo maji yamezidi chumba. Ukitaka 25 na chumba kikishuka hadi 16 usiku wa Julai, tofauti ni 9, na tangi linahitaji wati 63 mfululizo ili kubaki pale pale. Kwa hiyo wati 100 inatosha na inabaki. Bila mfuniko hesabu hiyo inavunjika, kwa sababu maji yanayopaa, yaani yanayogeuka mvuke, yanaondoka na joto jingi sana.

Kwa Nakuru, wati moja kwa lita inakubalika kama tangi limefunikwa. Molo, Eldoret na Kericho kadiria wati moja na nusu. Kisumu, kama unahitaji hita hata kidogo, nusu wati kwa lita inatosha. Ukifika lita 200, usinunue hita moja ya 200. Nunua mbili za 100 na uziweke ncha mbili za tangi.

Sababu yake si joto kusambaa tu. Ndani ya hita nyingi za bei ya kawaida kuna ukanda wa metali mbili unaojikunja ukipata joto na kukata stima. Mahali pa kugusana hutoa cheche kila inapowaka na kuzima, na baada ya miaka kadhaa huungana. Hita haizimi tena. Sasa fikiria mtu aliyeweka hita ya wati 300 kwenye lita 100 "ili ipashe haraka". Ikikwama, inapandisha nyuzi 2.6 kwa saa mwanzoni, na kwa usiku mmoja samaki wameiva. Hita ya wati 100 ikikwama inapandisha chini ya nyuzi moja kwa saa, tena inapunguza mwendo kadiri maji yanavyozidi chumba, mpaka inaishia nyuzi 14 hivi juu ya joto la chumba. Ni hatari bado, lakini Nakuru usiku utaamka ukute 30, si supu. Hita kubwa kuliko mahitaji ni kosa baya kuliko hita ndogo kidogo. Ukiwa na pesa za ziada, ziweke kwenye kidhibiti joto cha nje: kiboksi chenye waya wa kupimia majini kinachokata stima ya hita kikifika namba uliyoweka. Weka hita kwenye 27 na kidhibiti kwenye 25. Kimoja kikiharibika, kingine kinashika.

Hita ilazwe karibu na chini, kwa mshazari au mlalo, mahali maji ya filta yanapopita. Isiguse mchanga wala kioo cha tangi. Ikiwa imesimama wima kwenye kona isiyo na mkondo, inapasha maji yanayoizunguka, inajiona imemaliza kazi, inazima, na upande wa pili wa tangi unabaki 22. Baada ya kuizamisha subiri dakika 20 ndipo uwashe. Kabla ya kubadilisha maji izime, subiri dakika 20 tena. Glasi ya moto ikikutana na hewa au na maji baridi hupasuka, na hita iliyopasuka ndani ya maji yenye stima ni hatari kwako kuliko kwa samaki. Kwa sababu hiyo hiyo, chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono. Waya wa hita uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotiririka juu ya waya lianguke sakafuni na lisiingie kwenye plagi. Hita nyingi zinaletwa na plagi ya pini mbili za mviringo, halafu zinatumiwa na adapta inayolegea. Mwite fundi wa stima akate na kuweka plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Fyuzi ya 13 inayokuja dukani ni ya pasi na birika.

Kuhusu tokeni za stima: usihesabu kwamba hita ya wati 100 inakula saa 24. Kwa tangi la lita 100 lililofunikwa, wastani wa mchana na usiku Nakuru ni kama wati 40, yaani karibu uniti moja kwa siku. Zidisha kwa bei unayolipa. Ukitaka kupunguza, ifunge nyuma na pande mbili za tangi kwa ile foma nyeupe inayokuja imekinga televisheni, unene wa sentimita 2 au 3, na uweke kipande kingine chini ya tangi lote. Foma ya chini pia inasawazisha mikunjo ya meza ili kioo kisipate ufa. Acha upande wa mbele tu wazi.

Stima ikipotea

Tangi la lita 100 lililo kwenye 25 ndani ya chumba cha 16 litapoteza chini ya nyuzi 3 kwa saa sita. La lita 20 litapoteza karibu 5. Hivyo kwa tangi kubwa, kukatika kwa saa mbili tatu si dharura ya joto. Ni dharura ya hewa kwanza: filta imesimama, na bakteria wake wanaanza kukosa oksijeni. Pampu ndogo ya betri, au kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, inasaidia zaidi kuliko kukimbilia jikoni.

Funika tangi kwa blanketi pande zote, ukiacha upenyo kidogo juu. Kama giza litaendelea usiku kucha, jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki za lita moja, yawe ya nyuzi 60 hivi, funga vizuri, zielee. Chupa moja inapandisha lita 100 kwa theluthi moja ya nyuzi, kwa hiyo tatu ni karibu nyuzi moja. Chota maji kidogo kwanza ili tangi lisifurike. Usilete jiko la makaa sebuleni kupasha chumba. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini kila msimu wa baridi.

Stima ikirudi, acha hita ipandishe yenyewe. Usiongeze maji ya moto ili kuwahi. Kushuka polepole usiku kucha kwa nyuzi 4 samaki wengi watavuka salama, lakini kurudishwa 4 kwa dakika kumi kunaweza kuwaua.

Kubadilisha maji

Hapa ndipo matangi mengi hupata mshtuko wa kila wiki. Maji ya bomba Nakuru asubuhi yanaweza kuwa 18 au chini. Ukitoa lita 30 katika 100 na kujaza ya 18, tangi la 25 linashuka hadi karibu 23 ndani ya dakika tano. Pasha ndoo. Nakuru maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na birika la umeme la lita 1.7 lililochemka, likimiminwa kwenye ndoo na kujazwa maji ya bomba ya 18 hadi lita 20, linaipandisha ndoo hiyo nyuzi 6 na nusu. Birika moja kwa ndoo moja: unapata 24.5. Pima, ongeza kikombe ikibidi, tia dawa ya kuondoa klorini, koroga, kisha mimina polepole. Tofauti ya nyuzi moja au mbili na tangi inakubalika.

Kisumu kosa ni kinyume. Tangi jeusi la plastiki juu ya nyumba, alasiri ya Februari, linatoa maji ya moto. Badilisha maji asubuhi, au yachote jioni na uyaache ndani ya ndoo yapoe hadi kesho. Wenye kisima kirefu Bonde la Ufa wapime pia, maana baadhi ya visima hutoa maji vuguvugu moja kwa moja kutoka ardhini.

Kisumu na kandokando ya ziwa: kupoza

Mahali pa tangi panafanya nusu ya kazi. Liweke kwenye ukuta wa ndani, chini chini, mbali na dirisha la magharibi. Chumba chenye dari na chumba cha mabati matupu vinaweza kutofautiana sana saa nane mchana, na hakuna feni itakayofidia tofauti hiyo. Taa za tangi ziwe za LED na ziwashwe jioni, si adhuhuri.

Baada ya hapo njia yenye nguvu ni kupaa kwa maji. Lita moja ya maji ikipaa inaondoka na joto la kutosha kupoza lita 100 kwa karibu nyuzi 6, kama hakuna joto jipya linaloingia. Joto linaingia, bila shaka, kwa hiyo matokeo halisi ni nyuzi 2 hadi 4. Chukua feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 na adapta yake, au feni ya meza kwa kasi ya chini, ielekeze ipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari, na uondoe mfuniko wa kioo. Badala yake weka wavu, maana samaki wanaruka. Iwashe saa tano asubuhi, izime saa kumi na mbili jioni. Ikiachwa usiku kucha itapoza maji kupita kiasi, na hapo utakuwa umejitengenezea tatizo la Nakuru. Siku ambazo mvua inakaribia na hewa imejaa unyevu, feni inafanya kazi kidogo.

Maji yanayopaa yanaacha chumvi zote nyuma. Kila siku jazia ulichopoteza, ikiwezekana kwa maji ya mvua safi au yaliyochujwa, na usihesabu kujazia huko kama kubadilisha maji.

Chupa ya barafu inasifiwa kuliko inavyostahili. Nusu lita ya barafu kwenye tangi la lita 60 inashusha nyuzi moja tu hivi, kisha joto linarudi. Ni ya dharura, samaki wanapotweta na stima imepotea. Dalili hiyo ya kutweta inataka hewa kabla ya baridi: pampu ya hewa kwa nguvu zote, chakula kisitishwe siku hiyo. Samaki waliolishwa saa sita mchana wa nyuzi 30 wanatumia oksijeni ambayo haipo. Walishe asubuhi mapema.

Safari na hita ya mtumba

Samaki wanaosafirishwa kutoka Kisumu hadi Nakuru wanapanda kupitia Kericho na Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, na dirisha la matatu likiwa wazi mfuko wa lita mbili unapoa upesi mno. Weka mifuko ndani ya boksi la kubebea vinywaji baridi, bila barafu, ujaze mapengo kwa gazeti. Ukifika, ielee kwenye tangi dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi ndani ya mfuko kila dakika 10 kwa nusu saa. Watoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe.

Hita yoyote, mpya au ya mkono wa pili, ijaribiwe nje ya tangi. Ndoo ya lita 20, hita ya wati 100: kwa saa moja inapaswa kupandisha nyuzi 4 hivi. Ikipandisha 1 au 2, wati zilizoandikwa si za kweli. Iweke kwenye 25 na uiache usiku kucha ndani ya ndoo, mahali watoto hawafiki. Kitaa chake kiwake na kuzima chenyewe, na kipimajoto asubuhi kisome kati ya 24 na 26. Ikizidi 28 na kitaa bado kinawaka, irudishe dukani. Inayofaulu ihesabiwe miaka miwili au mitatu ya kazi, uandike tarehe ya kuanza kwa kalamu isiyofutika kwenye plagi.